Intel ao AMD kwa montaji ya ndoa?

ULIZO: Jambo yaya. Niko Lubumbashi, Kamalondo, nafanya montaji ya video za ndoa, sasa laptop imechoka nataka kuunga ordinatere ya meza. Mmoja ananiambia chukua Ryzen 5 7600 ya AMD, mwingine anasema i5-12400 ya Intel inatosha, karte grafike sina na pesa yake sina. Nichukue gani?

JIBU: Mudogo, ungekuwa mutu wa gemu ningekutuma AM5 (soketi ya AMD, ile ya 7600) moja kwa moja. Lakini wewe kazi yako njo inaamua. Kamera nyingi za sasa zinarekodi H.265 (namna ya kubana video) ya 4:2:2 biti 10 (inabeba rangi nyingi zaidi), na faili hiyo ni nzito vibaya, unasogeza kidogo tu inakwama, bibi harusi anabaki mlangoni mguu juu. Grafike ya ndani ya Intel, tangu kizazi cha 11, inaifungua yenyewe, ile ya ndani ya 7600 haiwezi, mzigo wote unarudi kwa prosesa. Kwa hiyo i5-12400, hiyo ni kizazi cha 12. Ila soma jina vizuri pale butike, 12400F haina grafike kabisa, utawasha ekrani iko nyeusi tii na muuzaji atakwambia ilikuwa nzima.

Kama kamera yako inarekodi 4:2:0 (rangi kidogo zaidi) basi hapo bishaneni tu, zote zinafanya kazi.

Ni kweli LGA1700, soketi ya hiyo i5, haina kesho kubwa, ilianza 2021, ikaishia kizazi cha 14, na 2024 Intel ikahamia LGA1851. AM5 ya 2022 AMD imeahidi kuishikilia mpaka 2027 angalau. Lakini AM5 inataka ramu ya DDR5 tu, LGA1700 kuna karte mere (bodi kuu) za DDR4, ramu ya kizazi cha nyuma, na ramu ya okazioni (iliyotumika) ya DDR4 njo rahisi kupata huku kwetu (ya laptop yako usiihesabu, ni fupi, haiingii).

Wakikuletea i7 ao i9 ya kizazi cha 13 ama 14 ya okazioni, bei tamu, kimbia. Zilikuwa na shida ya volti, Intel ikatoa dawa ya BIOS (programu ya ndani ya karte mere) Agosti 2024, ila iliyokwisha kuharibika haiponi.

Pesa itakayobaki weka kwa UPS (betri ya akiba) kwanza, maana SNEL (kampuni ya umeme) ikikata katikati ya kutoa video ya masaa matatu unaanza upya, na mwenye ndoa anapiga simu.