C18 zote sio sawa, pima kolamu kabla ya kulaumu mashine

Juzi dada mmoja wa maabara ya dawa kanitumia meseji, kolamu yao ya HPLC (bomba lenye silika linalotenganisha kemikali zikisukumwa na kimiminika) imechoka, ofisi ikanunua nyingine, lebo C18 (silika iliyofunikwa na minyororo ya kaboni 18) vilevile, milimita 150 vilevile, lakini piki (kilima kwenye grafu) ya kwinini inavuta mkia na dihidrokwinini, ndugu yake wa karibu, imezama humohumo ndani, sasa anauliza mashine ina shida gani. Dada yangu, mashine yako nzima kabisa!

Haya nayajua vizuri. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi zamani nilisema kolamu mpya ipimwe kwanza, mkubwa mmoja akasema mbele za watu eti napenda tu kumaliza methanoli ya ofisi. Sijasahau. Jioni nikabaki, nikaingiza kafeini na fenoli kwa methanoli asilimia 30, halafu benzilamini (besi kama kwinini) na fenoli kwa bafa ya pH 7.6, kolamu zote mbili, na kwenye ile mpya benzilamini ikang'ang'ania ikatoka nyuma ya fenoli, pana kama chapati. Hizo ndo silanoli, sehemu za silika ambazo hazikufunikwa vizuri, pH ikipanda zinabeba chaji hasi na dawa yenye chaji chanya kama kwinini inanasa hapo. Nikaweka karatasi mezani, kimya, kolamu ikarudishwa ilikotoka. Asante sijapewa mpaka leo ila nasikia utaratibu wangu bado wanautumia, haya.

Vipimo vyenyewe ni vya Tanaka na wenzake wa Japani, 1989. Vipo vingine, pentilibenzini na butilibenzini zinakuonyesha kolamu inavyoshika vitu vya mafuta, trifenilini na ota-terfenili zinaonyesha kama inatofautisha umbo la molekuli, maana moja imelala bapa na nyingine imejikunja. Weka na yurasili ili upate muda wa kitu kisichonasa kabisa, bila huo hesabu zote ni kelele tu.

Halafu kuna modeli ya Snyder na Dolan wa Marekani, kila kolamu inapewa namba zake, H (inavyoshika mafuta), S* (umbo), A (asidi), B (besi) na C (chaji) ya pH 2.8 na 7.0, ukilinganisha mbili unapata namba ya tofauti, Fs, ikiwa chini ya 3 zinakaribiana sana. Ila tumia akili, kama sampuli haina besi (kitu kinachobeba chaji chanya) ile C haikuhusu sana, ya kwinini ndo inakuhusu kuliko zote. Farmakopia ya Marekani, kitabu cha viwango vya dawa, inaita C18 zote L1, silika za zamani zenye uchafu wa metali na hizi mpya safi, kapu moja!

Vijana wa maabara mnapenda kuhangaika na mobaili fezi (kile kimiminika kinachopita kwenye kolamu) wiki nzima. Pimeni kolamu. Nasema tena, pimeni kolamu, ikiwa bado mpya, mtunze na hizo kromatogramu (grafu za vipimo).

Dada, nitumie benzilamini ya pH 7.6 kwa kolamu zote mbili pamoja na namba za loti, na joto la oveni ya kolamu usiliguse katikati.