Kumtia mtu moyo si kumpa mawaidha

Yaani sie watu wa huku mtu akipatwa na jambo kidogo tu kila mmoja anakuwa shehe. Umefeli mtihani, unaambiwa umezidi kucheza, biashara imeanguka, unaambiwa nia yako haikuwa safi, halafu msemaji anaondoka zake kifua mbele kama vile keshasaidia.

Mie nimeyaona sana kwa wakulima wa mwani, maana hapa Paje, Zanzibar, ndo kazi ya mama zetu tangu ilipoanza kama biashara mwaka 1989. Ile kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, siku hizi maji yakipata moto inageuka nyeupe na kukatika kwenye kamba, kazi ya wiki sita yote inachukuliwa na maji. Sasa mama anapanda kutoka pwani, nguo zimemganda mwilini, gunia halina kitu, anapita barazani na mtu kakaa na kikombe chake cha kahawa anamwambia "Subira bi mkubwa, uvivu hauleti riziki." Uvivu! Mtu kainama majini tangu maji yatoke! Hiyo subira anayo yeye kuliko huyo anayemfundisha.

Kwenye kikundi chao kuna bi mmoja si msemaji kabisa, alimwambia mama huyo tu "Shoga, kamba zako za kule kwenye kina nimeziona, ziko salama. Bamvu likija, maji yakitoka mbali, tukate mbegu pale, mie vijiti nnavyo, tutafunga pamoja." Basi, kesho yake nampita mama yule uwani anafundua kamba zake kuukuu.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, uliza kwanza kilichomtokea. Mtajie kitu ulichoona kakifanya vizuri, na kiwe cha kweli, maana sifa za uongo mtu anazijua hata akinyamaza. Kama una mkono wa kuongeza ongeza, kama huna kaa naye tu, hakuna aliyekulazimisha useme.

Mawaidha siyakatai jamani, Ijumaa mtu kavaa kanzu kenda mwenyewe kuyasikiliza, hapo sawa. Na kama kweli kakosea, tuseme kijana kala ada ya skuli, mwambie, lakini faragha na mara moja, si kila mkionana unalirudia lile lile mpaka akikuona kwa mbali anakata kichochoro.