Maswali ya Santuri: ukungu wa masika, tarumbeta iliyopishana na Miles Davis, na sarafu juu ya sindano

Shikamooni. Marehemu baba ameniachia santuri zaidi ya sitini: LP za jazi na roki, na nyingine za zamani, nzito, za wimbo mmoja kila upande. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Baada ya masika nimezikuta na madoa meupe kama unga, na kava zinanuka. Nizifute kwa spiriti?
*Msomaji wa Upanga*

Marahaba, na pole kwa msiba. Spiriti iweke kando mpaka uzitenge santuri mafungu mawili. Zile nzito zilizoandikwa 78 kwenye lebo, yaani mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, ileile ambayo fundi seremala huiyeyusha kwa spiriti ili apake kabati. Ukizipitishia spiriti, uso unayeyuka na muziki unaondoka nao, na hakuna fundi wa kuurudisha. LP za plastiki zinavumilia alkoholi kidogo iliyochanganywa na maji, ila isiwe spiriti ya duka la dawa, maana hiyo huongezewa vitu ambavyo hubaki ndani ya mifereji, ile mistari inayopitiwa na sindano, ikishakauka. Tafuta alkoholi ya isopropili. Mafundi simu wa Kariakoo wanaitumia kusafishia bodi za simu, kwa hiyo ulizia kwenye maduka wanakonunua vifaa vyao.

Kazi yote ifanyie nje, kivulini, ukiwa umefunga barakoa, kwa sababu vumbi la ukungu likiingia kifuani si mchezo, na likirushwa sebuleni litarukia santuri zilizo safi. Vile vifuko vya ndani vya karatasi vilivyoota ukungu tupa vyote bila huruma. Madoa yapitie kwanza kwa brashi laini kavu, kwa kufuata mzunguko wa mifereji. Usiikate mifereji kutoka katikati kwenda nje.

Sasa maji. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, na maji ya bomba nayo huacha chembe yakikauka. Chembe hizo ndizo zitakazopasuka kama bisi sindano ikipita juu yake. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Soma chupa vizuri, kwa sababu wauzaji wengine huita "maji ya betri" hata asidi yenyewe. Kwa LP changanya mililita 800 za maji hayo, mililita 200 za isopropili na matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa 78 tumia maji na tone la sabuni tu, na usiziache zikalowa. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki cha upana wake, lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, zungusha mara tano au sita kila upande, kisha suuza kwa maji matupu yaliyotoneshwa. Suuza kweli kweli. Sabuni iliyobaki hugeuka utando, na wengi wanaolalamika kwamba santuri imekuwa na kelele zaidi baada ya kuoshwa shida yao ni hiyo. Zisimamishe kwenye kichanja cha vyombo, kivulini, saa mbili au zaidi. Jua hapana. Plastiki ya LP hulegea ikikaribia nyuzi 60, na gari lililofungwa juani mchana halihitaji muda mrefu kuikunja santuri kama chapati.

Kuhusu kuhifadhi, sanduku la bati chini ya kitanda ndilo lililozalisha tatizo. Ukungu hushamiri unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70, na hapa mjini kipimo hicho kinapitwa siku nyingi za mwaka. Zisimamishe wima kwenye rafu iliyoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni na kuachana na ukuta wa nje kwa sentimita 10, hewa ipite. Rafu iwe imara, kwa sababu LP mia moja na kava zake hufika kilo 20 na ushee. Weka kipima unyevu kidogo katikati yao, na kuanzia Machi hadi Mei zikague kila baada ya wiki mbili. Ukitumia kabati lenye milango, tia vifuko vya silika, vile vya kufyonza unyevu, ila kumbuka silika hushiba. Isipokaushwa inabaki pambo.

Najifunza tarumbeta kwa kupiga pamoja na LP ya *Kind of Blue* ya Miles Davis. Upande wa kwanza tarumbeta yangu inasikika chini kidogo kila wimbo, lakini upande wa pili tunakubaliana. Mwalimu anasema sikio langu bovu. Je, pleya imeharibika?
*Kijana wa Sinza*

Sikio lako ni zima, na pengine pleya pia. Albamu hiyo ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa vipindi viwili, Machi 2 na Aprili 22. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zinatoka kipindi cha Machi, na siku hiyo mashine kuu ya tepu ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Tepu ile ilipochezwa kwenye mashine ya mwendo sahihi, muziki ukaenda mbio kidogo na noti zikapanda. Santuri zikachapwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kosa lilirekebishwa kwenye toleo la 1992, kwa kutumia tepu ya akiba iliyorekodiwa siku ileile na mashine nyingine. Bila shaka nakala yako ina mwendo wa zamani. Ukitaka kupiga nayo upande wa kwanza, sukuma ndani kidogo bomba la kurekebishia noti mpaka mkutane, na ukigeuza santuri ulirudishe.

Hata hivyo ipime pleya, kipimo chake hakigharimu hata shilingi. LP huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mara 100 kamili kwa dakika tatu. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, shusha sindano kwenye santuri ili mota ibebe mzigo wake wa kawaida, washa saa ya simu na uhesabu. Mizunguko 100 ikiisha kwenye dakika 3 na sekunde moja au mbili huku na huku, mwonyeshe mwalimu.

Shemeji ameniletea pleya ya zamani kutoka Marekani. Nimenunua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120, inawaka vizuri, lakini waimbaji wote wanaimba kama wana usingizi.
*Mama wa Mbezi*

Fanya hesabu ya mizunguko 100 tuliyomwelekeza kijana wa Sinza hapo juu. Ikichukua dakika 3 na sekunde 36, jibu tunalo. Transfoma imebadilisha volti, lakini haigusi hezi, yaani mara ngapi umeme unageuka kwenda na kurudi kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na mota za aina hiyo hufuata hezi. Sahani yako inazunguka karibu mara 28 kwa dakika badala ya 33 na theluthi.

Ikiwa inatumia mkanda wa mpira, dawa yake ni kubadilisha kile kigurudumu kidogo cha mota. Kipya kiwe na kipenyo kikubwa kwa asilimia 20, kwa mfano cha milimita 10 kiwe 12. Kwanza angalia kama mtengenezaji alitoa cha hezi 50, kwa sababu wengi walitoa. Kama hakipo, fundi wa lethi anaweza kukuchongea cha shaba, ila mkabidhi cha zamani akipime mwenyewe. Tundu likienda pembeni hata kidogo sana, sauti itayumba kila mzunguko. Mpaka hapo usiiache ikizunguka saa nyingi, maana mota ya hezi 60 hupata joto zaidi kwenye umeme wetu. Wenye pleya za kisasa zinazotumia adapta ya umeme mnyoofu hamna shida hii.

Sindano inaruka. Fundi kanishauri niweke sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha mkono na kweli imetulia. Ila nyimbo za mwisho za kila upande sasa zinakwaruza kwenye herufi "s".
*Msomaji wa Temeke*

Ndugu, iondoe sarafu hiyo leo. Sindano ni almasi ndogo sana inayogusa santuri kwa ncha, na kila gramu ya ziada inachimba ukuta wa mfereji. Lakini usikimbilie pia upande wa pili ukadhani uzito mdogo ndio salama. Sindano nyepesi mno hudundadunda ndani ya mfereji, na huko kudunda huharibu kama kuchimba.

Kila katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, ina uzito wake. Audio-Technica AT-VM95E hutaka gramu 2.0, Ortofon 2M Red gramu 1.8, na AT3600L inayofungwa kwenye pleya nyingi za bei nafuu gramu 3. Sawazisha mkono kwa ule uzito wa nyuma yake mpaka uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, zungusha pete ya namba isome sifuri bila kusogeza uzito, kisha zungusha uzito mpaka namba yako. Hakiki kwa mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Kizuia mvuto wa ndani, kile kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea lebo, kianzie namba ileile ya uzito.

Ndipo uulize kwa nini iliruka. Ikiruka mahali palepale kila mara, tatizo ni santuri: uchafu au mkwaruzo. Ikiruka popote, angalia meza. Weka pimamaji juu ya sahani, mbele-nyuma na kulia-kushoto. Ondoa spika kwenye meza moja na pleya, kwa maana besi ya roki hurudi kupitia mbao na kuitikisa sindano. Sakafu ya mbao inayotikisika mtu akipita nayo inatosha.

Kukwaruza kwa nyimbo za mwisho kuna sababu ya kimaumbile. Ukingoni mwa LP mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde, lakini karibu na lebo ni kama 21 tu, kwa hiyo sauti ileile imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano iliyochoka au katriji iliyokaa upande huumbuka hapo kwanza. Hesabu saa zako: kwa saa 500 na LP za dakika 40, umecheza santuri 750. Ukiwa umefika huko, badilisha sindano kabla hujagusa santuri nzuri.

Nimeuziwa LP ya Queen yenye nembo ya Elektra. Rafiki yangu anayo hiyohiyo yenye nembo ya EMI na anasema yangu ni feki.
*Msomaji wa Ilala*

Si lazima. Miaka ya 70 bendi ya Queen ilitolewa na kampuni ya EMI Uingereza na Elektra Marekani. Yako yaelekea ni chapa ya Marekani. Feki utaijua kwa picha ya kava iliyofifia kama fotokopi na namba za kuchorwa karibu na lebo zisizolingana na namba za kava.

Kaka yuko London, amepata LP ya Blue Note, kampuni ya jazi ya Marekani, ya mwaka 1958, bei kubwa. Muuzaji anasema ni chapa ya kwanza. Nitajuaje kwa picha za simu?
*Msomaji wa Mikocheni*

Mwambie kaka apige picha mbili kwa karibu, taa ikitoka ubavuni: lebo, na ile pete laini isiyo na muziki iliyozunguka lebo. Kwenye lebo soma anwani. Ya 1958 itarajiwe kuandikwa 47 West 63rd. Ikiandikwa "A Division of Liberty Records" ni ya 1966 au baadaye, kampuni ilipokwisha kuuzwa kwa Liberty, hata kama kava limeandikwa tarehe gani. Kwenye pete tafuta RVG, alama ya mhandisi Rudy Van Gelder, pamoja na alama inayofanana na sikio dogo. Hilo sikio ni la kiwanda cha Plastylite kilichowachapia Blue Note mpaka mauzo hayo. Watu hudanganyika na RVG peke yake. Liberty waliendelea kutumia mabamba yaleyale ya kuchapia, kwa hiyo RVG bila sikio ni chapa ya baadaye. Sauti inaweza kuwa tamu kabisa, bei ndiyo isiwe ya chapa ya kwanza.

Wenzetu wa roki nao wasome pete hiyo. Nakala ya *Led Zeppelin II* ya 1969 yenye RL, alama ya mhandisi Robert Ludwig, imechongwa kwa sauti kubwa na besi nzito kuliko zilizofuata, na pleya dhaifu hurushwa nayo.

Nimezoea Kilwa Jazz na NUTA Jazz. Sasa nimeona LP ya Kimarekani imeandikwa *Mwandishi*. Mwandishi gani? Na ndani kuna Kiswahili?
*Bibi wa Magomeni*

Shikamoo bibi. Bendi zetu zilichukua jina la jazi lakini zilipiga dansi, na mwenye kuzizoea hushtuka akikutana na jazi ya Marekani ya miaka ya 70. Mwandishi ni mpiga kinanda Herbie Hancock, aliyejichukulia jina hilo, na LP ilitoka 1971. Wenzake nao walichukua majina: Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye ni daktari kweli, akawa Mganga. Kiswahili kiko kwenye majina tu. Ndani hakuna mwimbaji, ni ala peke yake, na wimbo wa kwanza unakwenda kwa mapigo 15 kila mzunguko, kwa hiyo usijaribu kuuchezea rumba.

Ukitaka kukisikia Kiswahili chenyewe, tafuta *Uhuru Afrika* ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, mwaka mmoja na ushee kabla Tanganyika haijapata uhuru. Melba Liston ndiye aliyepanga muziki, na Max Roach ni mmoja wa wapiga ngoma. Shusha sindano mwanzo kabisa wa upande wa kwanza, usiruke. Shairi la uhuru la Langston Hughes linasomwa kwa Kiswahili juu ya ngoma, na anayelisoma ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika.