Maswali ya Wasomaji: Msongamano wa Feri Wakati wa Korona

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Likoni, na kazi yangu iko ng'ambo ya feri, kisiwani Mombasa. Mwaka 2020 tuliamriwa tusikaribiane, lakini sijawahi kubanwa kivukoni kama jioni za wakati ule. Baadaye tukawekewa daraja la kuelea pale Liwatoni. Je, wapangaji wa usafiri walijifunza lolote, au walikuwa wakibahatisha?

JIBU: Ndugu msomaji, msongamano ulioushuhudia ulitokana na saa. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na tarehe 27 mwezi huohuo ikaanza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Watu waliozoea kurejea makwao kwa mafungu, wengine alasiri na wengine baada ya isha, sasa wote walilazimika kuvuka kabla ya magharibi, ilhali feri zilikuwa zilezile. Jioni ya kwanza ya amri hiyo polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga virungu abiria waliokuwa wakingoja kuvuka. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa maana watu wale waliadhibiwa kwa msongamano uliosababishwa na amri yenyewe.

Upande wa matatu, yaani magari madogo ya abiria, mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Gari la abiria 14 liliruhusiwa kubeba 8 tu, lakini gharama ya mafuta na fedha anazodai mwenye gari kila jioni hazikupungua, na kwa kuwa hapakuwa na ruzuku ya kuziba pengo hilo, abiria ndiye aliyelilipia kwa nauli. Aliyeshindwa alitembea.

Daraja la Liwatoni, lililozinduliwa Desemba 2020 kama hatua ya muda, halikuwa la kubahatisha. Kivuko cha Likoni kilikuwa kikivusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, wengi wao wakitembea kwa miguu bila kulipa, lakini kwa miaka mingi mazungumzo kuhusu kivuko yalitawaliwa na foleni ya magari. Maradhi ndiyo yaliyomfanya mwenda kwa miguu ajengewe njia yake mwenyewe juu ya maji, ambayo gari halikuruhusiwa kuipita. Hata hivyo, daraja hilo lilikatiza njia ya meli ziingiazo bandari ya Kilindini, hivyo kipande chake cha katikati kilipaswa kufunguliwa zinapopita, na kutembea zaidi ya kilomita moja juani, ukihesabu na njia za kuliingia, si jambo la mgonjwa wala la mama mwenye mtoto mgongoni. Feri iliendelea kuhitajika.

Kwa hiyo nakujibu kwamba walijifunza kumwona anayetembea, ila sioni kwamba walijifunza kuzipanga saa. Waajiri wangeachanisha nyakati za kufunga kazi, hata kwa saa moja tu, foleni ya jioni ingepungua bila kununua chombo kipya. Mpango wa daraja la kudumu la Likoni utakapoletwa kwenu ili mtoe maoni, ulizeni kwanza ni watu wangapi wanaovuka kwa miguu katika kila saa ya siku, na njia yao imechorwa wapi.