Ukitaka Kupima Maada ya Giza, Anza na Umbali wa Galaksi

Wanafunzi wa fizikia na hisabati wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakijua kwamba nafanya utafiti wa baada ya uzamivu katika lenzi hafifu ya graviti (mwanga kupindwa kidogo na mvutano wa maada), huniuliza: nishike kipande gani cha kazi hii ili na mimi nipate nafasi? Jibu langu halijabadilika. Shika uhakiki wa redishifti, yaani kiasi ambacho mwanga wa galaksi umesogea kuelekea wekundu, ambacho hutuambia umbali wake. Wengi huuruka kwa sababu hauna picha za kuvutia, na hapo ndipo watu wanahitajika.

Mwanga wa galaksi za mbali hupita karibu na maada nyingine njiani, na mvutano wa maada hiyo huupinda. Umbo la galaksi tunaloliona hubadilika kwa asilimia moja hivi, mara nyingi chini ya hapo. Galaksi zenyewe hazina umbo moja, kwa hiyo ukitazama moja peke yake huambulii kitu. Lazima upime mamilioni na utafute mwelekeo zinaoshirikiana. Ndivyo tunavyopima maada ya giza, ambayo haitoi mwanga wowote. Miradi ya kupima anga ya KiDS na DES imefanya hivyo kwa darubini zilizoko Chile, HSC kwa darubini ya Subaru huko Hawaii, na sasa kuna Euclid, darubini ya angani ya Ulaya iliyorushwa Julai 2023.

Lakini umbo peke yake halitoshi. Galaksi ikiwa mbali zaidi, mwanga wake umepita kwenye maada nyingi zaidi, hivyo umepindwa zaidi. Ukidhani galaksi zako ziko karibu kuliko zilivyo, utaona mpindo mkubwa na kusema ulimwengu una maada iliyorundikana kuliko ukweli. Muuzaji wa Soko la Majengo anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini mizani yake isipohakikiwa, kila kilo anayouza ina walakini. Redishifti ndiyo mizani yetu.

Njia ya uhakika ya kuipata ni spektra: unautawanya mwanga wa galaksi na kuona mistari yake imesogea kiasi gani kuelekea wekundu. Galaksi tunazotumia ni nyingi mno na hafifu mno kwa njia hiyo, kwa hiyo tunazipiga picha kupitia vichujio vichache vya rangi (KiDS ilitumia tisa) na kukadiria redishifti kutokana na rangi hizo. Hapa pana mtego ambao kila anayeingia kwenye fani hii anapaswa kuuelewa hadi aweze kuuchora ubaoni. Galaksi nyingi zina mporomoko wa mwanga karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 400. Kwenye redishifti ya 0.2, yaani mawimbi yakiwa yamerefushwa kwa asilimia 20, mporomoko huo unaonekana kwenye nanomita 480. Sasa chukua galaksi ya mbali sana, ambayo mwanga wake unakatwa na haidrojeni chini ya nanomita 121.6. Ikiwa kwenye redishifti karibu na 3, mkato huo nao unaangukia nanomita 480 hivi. Galaksi mbili zenye umbali tofauti kabisa, rangi zinafanana!

Ndiyo maana tunahakiki. Njia mojawapo ni kupanga galaksi kwa rangi kwenye ramani inayojipanga yenyewe, kisha kuangalia ni vyumba vipi vya ramani vina galaksi zenye spektra. Chumba kisicho na spektra, galaksi zake tunaziacha. Inauma kutupa data, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha. Njia nyingine hutumia tabia ya galaksi kukaa pamoja: kundi lenye umbali usiojulikana linalinganishwa angani na galaksi zenye spektra, na pale zinapoelekea kukaa jirani tunajua umbali ni uleule. Mimi huziamini njia hizi zinapokubaliana bila kutegemeana.

Mwenye shaka kwamba kazi hii ina uzito atazame KiDS yenyewe. Matokeo yake ya mwaka 2021 yalitoa kipimo cha mrundikano wa maada, kiitwacho S8, cha takriban 0.76, wakati setilaiti ya Planck, iliyopima mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu, ilitoa 0.83. Tofauti ya namna hii iliwafanya watu wazungumzie fizikia mpya. Matokeo ya mwisho ya mwaka 2025 yakatoa 0.815, yanayokubaliana na Planck, na watafiti wenyewe walitaja uhakiki bora wa redishifti kuwa moja ya sababu kuu. Mjadala wa miaka mingi uligeuzwa kwa sehemu kubwa na watu wa mizani.

Kwa aliyeko Dodoma, habari njema ni kwamba sehemu hii haihitaji darubini yako mwenyewe. Data za KiDS na DES ziko wazi, na DESI, mradi wa kukusanya spektra za galaksi, ulitoa kwa wote toleo lake kuu la kwanza la data Machi 2025. Usipakue picha za anga, zitamaliza bando. Pakua katalogi (majedwali ya vipimo vya galaksi), tena sehemu ndogo tu, na ujifunze lugha ya programu ya Python na takwimu kwa bidii zaidi ya unavyojifunza akili mnemba. Ukiweza kueleza kwa nini makadirio yako yana kosa, na kosa hilo ni kubwa kiasi gani, tayari una kitu cha kuandika kwenye barua ya maombi.

Kuhusu maombi: nafasi nyingi hutangazwa kwenye orodha ya ajira ya Chama cha Wanaastronomia cha Marekani, na tarehe za mwisho hurundikana kati ya Oktoba na Desemba. Omba barua za wasimamizi mapema, Septemba isikukute bado unawaandikia. Kwa kawaida nafasi ni ya miaka miwili au mitatu. Kabla ya kukubali, uliza nani analipa gharama za viza na kuhama, na kama utaruhusiwa kutumia data za mradi ambazo bado hazijatolewa kwa umma. Usisaini kwa hofu pia: vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji kujibu kabla ya 15 Februari.