Barua kwa mwanangu aliyeishiwa ari

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio. Unauliza ari mtu anaitoa wapi. Januari uliandika malengo matatu, CPA yako ya uhasibu, nusu marathoni ya Kilimanjaro na kiwanja Usa River, na sasa ukiiona ile karatasi unageuza uso. Umeomba nikutie moyo. Leo sikutii, maana moyo wa kutiwa na mimi utakufikisha Jumatatu tu.

Tuanze na kiwanja, kwa sababu hicho hujakiacha. Kila mwezi unaweka hela kabla hujanunua hata vocha, na hakuna anayekukumbusha. Mwenye nyumba wako hapo Sakina anafunga geti saa nne usiku, ukichelewa unasimama nje unagonga na majirani wanachungulia. Sababu unakutana nayo getini, utaisahauje?

Nusu marathoni, kwa kweli, naiona ni lengo la ofisini kwenu. Ulipoitaja mara ya kwanza ulianza na fulana mtakazovaa. Kilomita 21 na kile kilima cha Mweka havijali fulana. Kama shida ni picha ya pamoja, zipo kilomita 5, wanakimbia mpaka watoto, na picha zinatoka vilevile. Lifute hilo, wala usione aibu.

CPA ndiyo yenye maneno.

Chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa saikolojia alipenda kutusimulia jaribio la Mmarekani mmoja, Edward Deci, la mwaka 1971. Aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vipande vya kuunganisha maumbo, mchezo ambao walikuwa wakiufurahia bure. Kundi moja likaanza kulipwa dola moja kwa kila umbo. Malipo yalipokoma na wakaachwa chumbani wafanye wapendalo, hamu ya kuuchezea ilikuwa imepungua kuliko mwanzo. Sisemi pesa ni mbaya. Nimefundisha kwa mshahara, na ulipochelewa nilinuna kama wenzangu. Lakini wewe CPA uliitundika kwenye cheo. Bosi alisema ukifaulu utapanda, habari za cheo zikapoa, na vitabu vikapoa navyo.

Bibi yako alisoma kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata madarasa yakafika hadi huku migombani. Wengi walikwenda kwa sababu balozi wa nyumba kumi anaandika majina. Jina likishaandikwa, wanasinzia. Bibi alikuwa na lake: stakabadhi ya kahawa. Alikuwa akipeleka kahawa, karani anapima, anaandika, naye anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyojua inasema nini. Basi akajifunza tarakimu kabla ya herufi, kinyume na alivyopanga mwalimu wake. Namkumbuka ameisogeza stakabadhi karibu na koroboi, kidole kikishuka taratibu kwenye safu ya kilo, midomo ikijumlisha. Msimu uliofuata alimwambia karani arudie kupima, na karani akarudia. Kusoma barua za wajomba zako kulikuja baadaye.

Sasa wewe. Ulinipigia siku ile mmetoka kukagua hesabu za SACCOS ya wakulima, ukanieleza michango ya wazee iliyokatwa kwenye malipo yao lakini haionekani popote kwenye daftari. Ulieleza mpaka salio likaisha, ukaweka vocha ukapiga tena. Ukamalizia kwa hasira: "Mama, niliyeona ni mimi, ila ripoti anasaini mwingine, kwa sababu sina CPA." Sijawahi kukusikia ukikizungumzia cheo namna hiyo.

Huenda sababu yako iko hapo, huenda haipo. Aijuaye ni wewe. Jaribu hivi. Weka kando lile somo unaloliogopa, shika la ukaguzi kwa wiki mbili, ukiwa na yale madaftari kichwani, na cheo usikitaje kwa mtu. Ukijikuta unafungua kitabu kabla simu haijakukumbusha, jiandikishe mtihani wa Novemba. Ukiona bado unakikwepa, ipumzishe CPA na hela ya ada iende kwenye kiwanja. Mimi kina mama wa jumuiya nina ya kuwaambia tayari, usisome kwa ajili yao. Na siku utakayorudi kazini umechoka tu, usianze kujichunguza ari. Kula, ulale.

Ukija wikiendi usisimame Kwa Sadala kununua ndizi. Za mtori zimejaa hapa mpaka tunagawa.

Mama yako,
Moshi