Kwaki yangu inagoma kupata masi

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma masters ya fizikia, nimeandika programu ya Python ya kutatua mlinganyo wa Dyson-Schwinger wa kwaki (chembe ndogo zinazounda protoni), ule ambao B, yani sehemu inayobeba masi, ndo unaitafuta na hapohapo imo ndani ya intigro. Masi ya asili nimeweka sifuri nione nguvu kali ikiijenga yenyewe, B nayo nimeianzisha sifuri, nirudie hesabu mara ngapi jibu ni sifuri tu. Nikianza na namba nyingine inapanda inashuka, haitulii. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo sifuri ni jibu halali kabisa, B ndo namba ya juu kwenye ile sehemu (kiasi) ndani ya intigro, sasa ukiingiza sifuri itoke nini? Ila mlinganyo huu una jibu zaidi ya moja, na lile unalolitaka, lenye masi, linaitwa la Nambu, hulifikii ukianzia hapo hata ukeshe. Anza na B ya 0.5 GeV (kipimo cha nishati na masi, GeV moja ni MeV 1,000) kwenye gridi nzima, yani pointi zote za momenta unazokokotolea, na kama nguvu uliyoweka inatosha utaona masi inakaa kwenye MeV mia kadhaa kule momenta ndogo. Hapo ndo utamu ulipo jamani, maana kwaki za apu na dauni kwa asili zina MeV chache tu wakati protoni iliyoundwa na hizohizo ina kama 938!

Hiyo ya kupanda na kushuka, usimeze jibu jipya lote, changanya nusu jipya nusu la zamani kila mzunguko.

Halafu gridi, hapa wengi wanapotea. Ukitoka 0.0001 mpaka 10,000 GeV² kwa pointi 100 zilizopangwa sawasawa, hatua moja tu ni kama 100 GeV², na mambo yote yanatokea kwenye GeV² chache za mwanzo, yani umeyaruka yote. Tumia t = ln x, x ikiwa momenta kipeo cha pili, kisha pointi za Gauss-Legendre, yani njia ya kuchagua pointi na uzito wake kwenye intigro, juu ya t. Usisahau dx = x dt, kwahiyo ile x inayotokana na kuintigreti kwenye vipimo vinne inakuwa x², ukiisahau mchoro unatoka laini kabisa na ni uongo mtupu. Intigro ya pembe ipe Gauss-Chebyshev ya aina ya pili.

Ongeza pointi mara mbili, jibu lisisogee. Majibu yakitulia yahifadhi, uyaingize kwenye mlinganyo wa Bethe-Salpeter (unaotafuta masi ya chembe iliyoundwa na kwaki na antikwaki) wa pioni, kwa nguvu ileile: masi ya asili ikiwa sifuri, pioni lazima nayo itoke sifuri, isipotoka rudi kwenye gridi.